Fundi, Hilo Bomba Si la Maji

Nikimwambia mtu kwamba nakusanya mapicha ya sinema za zamani, kesho yake ananiletea flashi. Kwa hiyo siku hizi naeleza mapema: si picha lenyewe, ni karatasi. Lile karatasi kubwa lililokuwa likibandikwa ukutani nje ya ukumbi, steringi kachorwa kichwa kikubwa kama tenga, mrembo pembeni analia, adui na wapambe wake wameshika bunduki. Baada ya maelezo hayo huwa naulizwa swali moja tu, na kwa upande wa ukoo wangu linaulizwa kwa sauti ya huruma: "Sasa hayo unayala?"

Jibu langu la kuwanyamazisha huwa ni Metropolis. Bango la filamu hiyo ya Kijerumani ya 1927, lililochorwa na Heinz Schulz-Neudamm, liliuzwa mwaka 2005 kwa dola 690,000. Karatasi moja. Nilipomwambia Shangazi yangu wa Tanga alikaa kimya akipiga hesabu, kisha hasira zikamgeukia Mjerumani: amekaa hapa miaka yote ile, kajenga reli, kajenga bandari, hata karatasi moja asituachie! Nikamweleza kwamba filamu inatoka, wao walishatolewa Tanga na Waingereza tangu 1916.

"Ndiyo zao," akasema.

Shangazi huyu anakaa Ngamiani, barabara ya 12, na ndiye aliyenipigia simu kwamba mtaani kwao kuna mzee aliyewahi kufanya kazi sinema, na chini ya godoro lake kuna "makaratasi yako yale." Katika simu hiyohiyo alinieleza mengine mengi: harusi ya binti wa jirani, bei ya nazi, choo kinachovuja. Mimi baada ya neno "makaratasi" sikusikia kitu.

Mnielewe. Ajabu ya mambo haya ni kwamba vitu vinavyotafutwa leo kwa tochi havikutakiwa vibaki. Karatasi hizo hazikuwa mali ya ukumbi. Huko Marekani, kuanzia 1940, msambazaji mkubwa alikuwa National Screen Service: ukumbi unakodi, unabandika, picha likiisha muda wake unayakunja na kuyarudisha, yanakwenda mji mwingine. Ndiyo maana bango la Kimarekani la enzi hizo, inchi 27 kwa 41, kwa kawaida lina mistari ya mikunjo. Ukiuziwa la miaka ya 40 lililonyooka, linang'aa, kana kwamba limetoka kiwandani jana, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba limetoka kiwandani jana. Yakishachakaa yanatupwa. Yaliyopona ni yaliyoibwa, yaliyosahaulika, au yaliyopewa kazi nyingine, kama kuziba upepo ukutani au kutandikwa chini ya zulia. Kule Berwick, Pennsylvania, lilipatikana darini bunda la mabango 33 ya miaka ya 1930 na 1931, yote yamegandana kwa gundi ya kubandikia karatasi za ukuta. Likanunuliwa mnadani kwa dola 30,000, wataalamu wakayabandua moja moja kwa mvuke, na mwaka 2012 yakauzwa kwa zaidi ya dola 500,000. Toka niisikie habari hiyo, nikiingia nyumba yoyote yenye dari kuukuu mazungumzo hayanikai kichwani.

Sasa karatasi ya inchi 40 huibebi kwenye begi. Nchi za wenzetu wanayo maboksi ya duara ya karatasi ngumu kwa kazi hiyo. Mimi nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi hapa Dar nikaomba bomba la plastiki la inchi 4, urefu futi nne, na vifuniko viwili. Muuzaji akauliza: la maji safi au la maji taka? Nikasema la picha. Akanitazama, akanikatia la maji taka. (Wahifadhi wa makumbusho wakisoma hapa wataguna, maana plastiki ile haifai kutunzia karatasi. Wagune. Ilikuwa ya safari tu.) Kwenye kifuniko kimoja nikaandika kwa kalamu nyekundu USIKUNJE, kwa ajili ya makonda. Halafu nikalivisha bomba kanga lisikwaruzike, nikafunga kwa kamba, nikaenda kupanda basi.

Toka hapo nikawa fundi. Konda: "Fundi, bomba lako kwenye buti." Nikakataa, nikalipakata. Mama aliyekaa jirani yangu alivumilia mpaka Segera, ndipo akauliza kubadilisha sinki la choo siku hizi ni shilingi ngapi. Nikamwambia mimi si fundi. Akasema anaelewa, mafundi wote husema hivyo wakiwa safarini. Tulipofika Muheza nilikuwa nimeshamkadiria.

Nilifika jioni, bomba nikaliegemeza ukumbini, nikamwamkia Shangazi, moja kwa moja nikaenda kwa Mzee. Huyu alikuwa mbandikaji wa ukumbi mmoja wa mjini, enzi zile tiketi za Jumapili zinalanguliwa mlangoni. Gundi yao ilikuwa uji wa muhogo. Nusu ya kazi, aliniambia, ilikuwa kubandika, na nusu kufukuza mbuzi, kwa sababu mbuzi wa Ngamiani walishaujua ule uji na walikuwa wakimla steringi kuanzia miguuni kwenda juu. Ikifika jioni, watu wanakata tiketi za picha ambalo ukutani limebaki mawingu na jina la mtayarishaji.

Lakini mabango manne hayakuwahi kubandikwa. Yalitakiwa yarudi kwa msambazaji, hakuna aliyekuja kuyaulizia, na chaga za kitanda zilikuwa zinamuumiza mgongo, basi akayatandika chini ya godoro na humo yakakaa. Mawili yalikuwa ya Kiingereza, yale yanayolala kwa upana, inchi 40 kwa 30. Mawili ya Kihindi, yamesimama, kipimo hichohicho, jina limeandikwa kwa hati tatu, ya Kihindi, ya Kiurdu na ya Kilatini, ili asiwepo wa kusingizia hakuona. Mojawapo ndilo lililonitoa Dar bila mimi kujua. Jina silitaji, wenye umri wao wasije wakaanza kulia. Uso wa steringi ulikuwa na shavu moja la rangi ya machungwa na jingine la samawati, kiharusi cha brashi unakihesabu, kwa sababu yale yalichorwa kwanza kwa mkono ndipo yakachapwa. Nyuma yake, michirizi ya chaga, sawasawa, kama daftari la mistari.

Tukapatana bei, na juu yake nikatakiwa nimnunulie godoro jipya. Nikaona ni haki. Usiku nikayaviringisha manne kwa pamoja, lile la Kihindi nikaliweka la nje kabisa, nikayaingiza bombani, nikafunga vifuniko, nikarudishia kanga. Asubuhi nikatoka kwenda kutafuta godoro.

Waswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi sikufikishwa huko. Narudi saa nne na jua lake, nakuta uani kuna fundi kachuchumaa mlangoni mwa choo, mbele yake kipande cha bomba juu ya kigoda, msumeno wa chuma mkononi, na bomba linamchezea. Nikamsalimu. Akaitikia bila kuinua kichwa.

"Kijana, hebu nishikie hapo."

Nikashika. Mgeni akiambiwa shika, anashika. Nikaweka kiganja juu ya kifuniko, nikakandamiza, akaanza kukata, akikata kidogo anazungusha, kama mafundi wanaojua kazi wanavyofanya.

"Hili bomba la zamani hili," akasema. "Angalia msumeno unavyogoma. Haya ya siku hizi ukiligusa tu limekatika."

Nikamuunga mkono. Nikasema kweli, vitu vya siku hizi havina uimara, nikaongeza na mfano wa vitasa. Unga wa plastiki wa kijivu ukawa unadondoka kwenye vidole vya miguu yangu. Ukaendelea kudondoka, ukageuka mweupe. Kisha ukaja wa kahawia, na chembe moja moja nyekundu.

Fundi akasimamisha msumeno. "Hili lina rangi ndani."

"La nje hilo," nikasema. "Labda la Dubai."

Akakubali, maana ilikuwa inaeleweka, akakata tena. Jasho likaniingia jichoni. Nikainua mkono kujipangusa, na chini ya kiganja changu nikasoma maandishi mekundu, mwandiko wangu mimi mwenyewe: USIKUNJE.

Fundi naye akayasoma.

"Sijakunja," akasema. "Nakata."

Sauti niliyotoa siwezi kuiandika. Shangazi alitoka jikoni mbio, na hapo ndipo nilipoiona kanga yangu, kaivaa, imemkaa vizuri, kiunoni pameandikwa Nilijua Mtasema.

"Shangazi, bomba langu!"

"Si umeniletea mwenyewe? Nilikwambia kwenye simu choo kinavuja, wewe ukaja na bomba. Nikamwambia na fundi, mtoto huyu ana adabu, hata zawadi kaifunga kwenye kanga." Akajitazama kiunoni. "Tena nilitaka nikuulize. Pande la pili liko wapi?"

Hapo utamjibu nini mtu? Kila alichosema kilikuwa na mantiki kuliko cha kwangu. Jaribu wewe kumweleza mtu mzima kwamba umesafiri na bomba la maji taka toka Dar es Salaam ili uweke picha.

Majirani wakajaa uani, wakacheka kile kicheko cha Tanga cha kushikana mabega, na mimi, kwa kuwa maradhi yangu hayana likizo, nikakumbuka bango la akina Lumière, ndugu wawili wa Kifaransa waanzilishi wa sinema, lililochorwa na Marcellin Auzolle, miongoni mwa ya mwanzo kabisa kuonyesha kipande cha filamu yenyewe. Unajua kipande gani? Mtunza bustani, mpira wa maji umemrukia usoni, na watazamaji mbele wanakufa kwa kucheka. Filamu ile ilionyeshwa mwaka 1895. Kwa hiyo maji, mabomba na watu kuchekwa vilikuwamo katika kazi hii tangu siku ya kwanza, sikuwa nimeanzisha jambo.

Tukatandika mkeka, nikayatoa. Kwa sababu fundi alikuwa anakata kwa kuzungusha, msumeno ulikuwa umepita mzunguko ule wa nje tu. La pili yake lilipata alama za meno pembeni. Mawili ya ndani hayakuguswa. Lakini la Kihindi, lile la nje, mkato ulianzia ukingo wa kushoto ukaingia mle ndani umenyooka: umempitia adui kifuani, umepita kwa mpambe wa kwanza, wa pili, umemkata farasi, umekata wacheza ngoma kiunoni wote kwa mstari mmoja, ukaja, ukaja, ukafika upana wa kidole kimoja kutoka kooni kwa steringi. Hapo ukasimama.

Uani pakawa kimya. Fundi akavua kofia.

"Steringi hafi," akasema.

Sitasema nilicheka, lakini kitu kilinitoka. Fundi naye akasahau choo. Akakaa kwenye mkeka akatusimulia picha zima, kwanza mpaka mwisho, na wimbo wa kwenye mvua akauimba kwa Kihindi chake cha Chumbageni, Shangazi akimsahihisha. Kumbe wote wawili waliliona ukumbi uleule, na Shangazi alitoroka nyumbani siku hiyo, jambo ambalo baba yangu hajui mpaka leo.

Halafu Shangazi akaleta selotepu. Nikaipokea kwa mikono miwili nikaikalia. Karatasi ya zamani na selotepu haviwekwi chumba kimoja: gundi yake inanywea ndani, inageuka njano, haitoki tena. Mkato kama ule wataalamu wanauziba kwa kubandika nyuma karatasi nyembamba ya Kijapani na kitambaa, kwa gundi ya unga wa ngano. "Si uji huo?" akauliza Shangazi. Ni uji. Mbuzi wa Ngamiani walikuwa na hoja.

Bomba likamaliziwa kukatwa, maana choo kilikuwa bado kinavuja na nusu ya kazi ilishafanyika. Fundi akaniambia atanilipa bei ya bomba, na kwa uungwana hatanidai ufundi wa kuyatoa makaratasi. Tukapeana mikono. Mapicha yakarudi Dar yameviringishwa ndani ya mkeka wa Shangazi, na safari hiyo nzima konda aliniita Ustadhi. Kijana aliyekaa jirani aliomba nimwombee dua, ana usaili wa kazi. Nilimwombea.

Juzi Shangazi kapiga simu. Choo hakivuji hata tone. Fundi anasalimia sana, kapata kazi Pongwe na anataka kujua lile bomba nililinunua duka gani, la siku hizi kama hilo hajawahi kuliona. Na pande la pili la kanga, je?

Nimelituma kwa basi. Nimelikunja.