Kitasa cha Bafuni

Mlango wa bafu letu hapa Majengo, Moshi, hufunguliwa kwa utaratibu ambao mgeni hawezi kuufuata bila kuelekezwa kwanza. Unatakiwa kuushika mkono wa kitasa, ambao mafundi huuita hendeli, kuusukumia ndani kwa kiganja, kuuinua kidogo kama mtu anayepima uzito wa kuku sokoni, kisha kuuzungusha na kuvuta haraka kabla haujakubaki mkononi. Kwa tahadhari, ndala moja ya bluu hulala daima kizingitini ili mlango usijifunge wenyewe.

Chanzo cha yote ni masika. Mvua zikianza mwezi Machi, mbao hunywa unyevu na kuvimba, mlango hukwama kwenye fremu, na kila mtu wa nyumba hii, pamoja na mtoto wa miaka sita, huning'inia kwenye hendeli kana kwamba anang'oa muhogo. Ifikapo Juni mbao zimenywea, lakini skrubu zimekwisha kulegea na matundu yake yametanuka. Mimi hizo skrubu nilikuwa nikizikaza kila Jumamosi kwa kisu cha mezani, na kila Jumatatu zilikuwa zimerudi nje kunisalimia.

Fundi niliyempigia simu alinijibu kwamba yuko njiani. Sina sababu ya kumwita mwongo, kwa maana hakusema ni njia ya kwenda wapi.

Kilichoniumiza zaidi ni jirani yangu, kijana anayeongoza watalii mlimani. Jumatatu moja asubuhi alinipa shikamoo akiwa na begi lake mgongoni, akaniambia anawapandisha wageni kwa njia ya Machame, nami nikamwambia kwa sauti ya mtu mwenye mipango kwamba atakaporudi atakuta kitasa kimekaza. Alirudi Jumapili. Watu ambao hawakuwahi kuuona Mlima Kilimanjaro maishani mwao walikuwa wamefika kilele cha Uhuru, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, wakateremka kwa njia ya Mweka na kuoga, ilhali mimi nilikuwa bado sijaifikia skrubu iliyo mita moja kutoka sakafuni. Aliniuliza kwa adabu, "Mzee, kile kitasa?" Nikamuuliza habari za barafu.

Siku ya siku, mama watoto alikwenda Kiboriloni kutafuta mitumba, na kabla ya kuondoka alifagia na kuiondoa ile ndala. Niliingia bafuni bila kuangalia. Nilipotaka kutoka, hendeli ya ndani ilichomoka ikabaki mkononi mwangu, na hendeli ya nje ikaanguka ukumbini pamoja na kile chuma cha mraba kinachoziunganisha. Nikabaki nikitazamana na tundu la pembe nne, ambalo kupitia kwake niliiona nusu ya kalenda yetu. Nilijaribu kuzungusha kwa mpini wa mswaki, mswaki ukakatika. Kisha kalenda ikatoweka, na mahali pake likatokea jicho.

"Baba, unafanya nini humo?"

Nilimweleza mwanangu, kwa utulivu wa baba aliyefunga taulo, kwamba aokote kile chuma, akiingize tundumo taratibu, halafu azungushe. Yeye alikisukuma kwa nguvu zake zote kikapita moja kwa moja na kuniangukia mguuni. Nilikuwa nimekwisha kufumbua kinywa kumkaripia ndipo nikatambua kwamba sasa chuma ninacho na hendeli ninayo. Nikatoka. Alidai pipi, nikampa.

Kesho yake nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi karibu na Soko la Mbuyuni kununua chuma kipya, kwa kuwa cha zamani kilikuwa kimelika pembe. Muuzaji aliniuliza saizi, nami nikamwonyesha kidole changu cha mwisho. Akanipa cha milimita 7, ambacho kilicheza ndani ya kitasa kama njugu ndani ya debe; ilinibidi nirudi kuchukua cha milimita 8, na safari hii kijana alitabasamu kabla sijasalimia. Ni yeye aliyenionyesha kwamba shingoni mwa hendeli, upande wa chini ambako macho hayafiki, kuna kiskrubu kidogo kuliko punje ya mchele, na hicho ndicho kinachoibana hendeli kwenye chuma. Hukazwa kwa kichuma cha pembe sita kilichopindwa kama herufi L. Wiki zote zile nilikuwa nimekaza skrubu zisizohusika!

Nyumbani nilijaza matundu yaliyotanuka kwa njiti za kiberiti zilizopakwa gundi ya mbao, nikaziacha zikauke hadi jioni, nikazikata zilipochomoza, kisha nikarudishia skrubu zote na kukaza kile kidogo hadi kikakataa. Hendeli ilitulia. Mama watoto aliivuta mara tatu, akanitazama, akasema, "Kumbe inawezekana, Baba Eliya." Nilipokea kama sifa.

Usiku nilipokwenda kuoga, niliiokota ndala nikaiweka kizingitini.