Mwendwa Ndiye Aliyeanza

Kila Juni bango la kumbukumbu ni lile lile: picha kubwa ya wakili Willie Kimani, aliyeuawa 2016, na maneno mazito kuhusu ujasiri. Mwaka huu limenipandisha mori. Chini kabisa, kwa herufi za kutafutia miwani: "na wengine wawili". Wengine wawili! Kama mizigo ya kwenye buti.

Josephat Mwendwa alikuwa mtu wa boda boda. Aprili 2015 askari wa polisi wa utawala, Fredrick Leliman, alimpiga risasi mkononi. Sote tunajua mambo haya huishia wapi. Unafungwa bendeji, unamshukuru Mungu haikuingia kifuani, unarudi steji. Mwendwa akaenda IPOA, mamlaka huru inayochunguza polisi, kushtaki. Hakuwa na mjomba serikalini, wala hakuna aliyempeleka semina ya haki za binadamu kwenye hoteli ya Naivasha. Akabambikiwa kesi, akatishwa, na bado hakuyaondoa malalamiko yake. Ndipo Kimani, wa shirika la kutetea haki la International Justice Mission, akaja kumtetea. Kwa hiyo mwanaharakati wa kwanza hapa ni mteja. Wakili alimfuata yeye.

Tarehe 23 Juni 2016 walitoka mahakama ya Mavoko, wakaingia teksi ya Joseph Muiruri. Hawakufika nyumbani. Kutoka seli ya kambi ya polisi ya Syokimau, Kimani alirusha nje kipande cha tishu alichoandika akiomba mkewe apigiwe simu. Siku chache baadaye miili mitatu ikaopolewa mtoni Ol Donyo Sabuk. Kosa la Muiruri lilikuwa kubeba abiria.

Kesi ilichukua miaka sita. Julai 2022 Jaji Jessie Lessit aliwapata na hatia polisi watatu na mdokezi wao mmoja. Februari 2023 Leliman akahukumiwa kifo, hao wengine miaka 20 hadi 30. (Kifo cha kwenye karatasi, kwani Kenya haijanyonga mtu tangu 1987.)

Haya, nakubali, shingo upande: angekuwa Mwendwa peke yake, faili lingeozea kabatini. Mawakili walisusia mahakama na kuandamana kwa sababu aliyeuawa ni mwenzao. Na hata jina kubwa si dawa. Wanaharakati wa haki za binadamu Oscar King'ara na Paul Oulu walimiminiwa risasi garini Machi 2009, karibu na mabweni ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na hadi leo hakuna aliyefungwa.

Lakini siwezi kuvumilia tukimsahau yule aliyethubutu bila kinga yoyote, kisha tushangae mbona raia hawaripoti. Juzi nilimuuliza kijana mmoja wa boda pale Mlolongo kwa nini anawapa askari mia mbili kila asubuhi badala ya kushtaki. Nikamweleza, kwa ule ujuaji wetu, kwamba siku hizi kuna mawakili wa bure.

"Boss," akasema akiwasha pikipiki, "Mwendwa si alikuwa na wakili?"