Aliyelowekwa Chumvi Kabla Hajafika Jikoni

Minofu ya sangara inayotoka Mwanza kwenda Ulaya husafiri na karatasi zake. Ukaguzi ulikazwa baada ya mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya uvuvi wa sumu. Mkazi wa Nyegezi, mjini Mwanza humo humo, akiagiza chipsi kuku kwenye mgahawa wenye matawi mengi, anachosoma ukutani ni bei na picha tu, si orodha ya viambato.

Chipsi za kugandishwa mara nyingi hupitishwa kiwandani kwenye fosfeti zisigeuke kijivu, na kwenye sukari ya deksitrosi ili zitoke na rangi moja. Soseji nyingi zina nitriti. Wenye migahawa wana hoja hapa: nitriti huzuia bakteria hatari, na glutameti, kiongeza ladha kinachoogopwa sana, imo hata kwenye nyanya. Viambato hivi vina viwango vya kimataifa. Tena vibanda vyetu si vya kuvisifia hivi hivi: mafuta yamerudiwa mpaka yamekuwa meusi, na tomato sosi iko kwenye chupa isiyo na lebo. Kwa hiyo siwaungi mkono wanaosema kila chenye jina la kikemikali ni sumu.

Ninachokipinga ni ukimya wa migahawa mikubwa kuhusu viambato hivyo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Mwenye presha akifika kwa mama ntilie anasema, "Mama, samaki wangu usimtie chumvi," na anasikilizwa, maana chumvi iko mkononi mwa mpishi. Kwenye mgahawa mkubwa kuku huweza kufika akiwa ameshalowekwa kwenye maji ya chumvi. Mhudumu hata akitaka kusaidia, hana cha kupunguza, na pengine hajui.

Kuna na imani. Mwaka 2002 McDonald's ilikubali kulipa dola milioni 10 Marekani baada ya Wahindu na wasiokula nyama kulalamika kwamba chipsi zake zilitiwa ladha ya ng'ombe. Mwanza ina Waislamu, Wahindu na Wasabato. Wote wana haki ya kuuliza.

Wenye migahawa watasema kubandika orodha ya viambato ni gharama. Kwa kibanda, sawa. Lakini mgahawa wenye matawi hununua kwa maboksi yenye lebo, na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), linalosimamia usalama wa chakula tangu 2019, ianze na hao: lebo iliyoko stoo ibandikwe kaunta.