Draiva ya kichwa kikubwa inasamehe kosa gani?

Shemeji yangu wa Mombasa alitua Entebbe na begi la gofu lililozidi kilo, na kabla hata ya kuuliza habari za watoto akanifungulia zipu kunionyesha draiva mpya, ile fimbo ya gofu ya kupigia mpira mbali. Kichwa kipana, cheusi, kimevimba nyuma kama andazi lililokolea hamira, na chini kimeandikwa 10K. "Shemeji, hii inasamehe," akasema. Kesho yake tukaenda uwanja wa gofu wa Kitante, hapa katikati ya Kampala, na kwenye tii ya kwanza, pale pa kuanzia shimo, alipiga mpira ambao kwao Nyali hajapata kuupiga. Uliupita mpira wake wa kila siku kwa yadi kama kumi. Akaibusu fimbo mbele ya makedi, vijana wanaotubebea mabegi.

Sikutaka kumharibia siku. Lakini Mombasa iko baharini, na Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Huku hewa ni nyepesi na mpira husafiri mbali zaidi, kiasi cha asilimia nne hivi. Kwa mtu anayepiga yadi 220, hizo ni yadi nane au tisa za bure. Ile busu, kwa sehemu kubwa, ilikuwa haki ya vilima vya Kampala.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu ndivyo ubishi wa draiva hizi unavyokwenda kila Jumamosi jioni. Mmoja anaisifu kwa jambo ambalo haikulifanya, mwingine anailaani kwa jambo ambalo haikuahidi. Wote wawili wameinunua kwa neno moja, "inasamehe", na hakuna aliyeuliza inasamehe kosa gani.

Tuanze na kosa inalolisamehe kweli. Mpira ukigongwa nje ya katikati ya uso wa fimbo, kichwa hujipinda mkononi, nguvu hupotea na mpira hufa njiani. Dawa ya watengenezaji ni kuusukuma uzito pembeni na nyuma kabisa ya kichwa ili kisipindike kirahisi. Anayetaka kuelewa aitazame baiskeli iliyofungwa mikungu ya matoke kushoto na kulia, halafu ajaribu kuigeuza ghafla. Uzito ukikaa mbali na katikati, kitu hugoma kuzunguka. Ili uzito ukae mbali, kichwa lazima kiwe kikubwa.

Na kimekua kweli. Mwaka 1991 watengenezaji Callaway walipotoa draiva yao Big Bertha ya chuma, watu waliiona jitu, ilhali ujazo wake ulikuwa kama sentimita za ujazo 190, yaani glasi ya chai. Titani, metali nyepesi, ikaingia, vichwa vikavimba, hadi R&A na USGA, wanaotunga kanuni za gofu duniani, wakaweka mpaka wa 460 kuanzia mwaka 2004. Hiyo ni pungufu kidogo ya chupa ya soda ya nusu lita. Wakaweka na mpaka wa ugumu wa kujipinda: 5,900 kwa kipimo cha gramu na sentimita za mraba, na 100 za kuvumilia makosa ya upimaji.

Hapo msomaji makini atauliza: kama mpaka ni 5,900, hiyo 10K imetoka wapi? Imetoka kwenye hesabu ya kujumlisha. Kichwa kinaweza kujipinda kushoto na kulia, na kinaweza pia kujipinda juu na chini. Kanuni imefunga ule wa kwanza tu. Watengenezaji PING na TaylorMade, waliotoa draiva za namna hiyo mwaka 2024, walijumlisha vipimo vyote viwili vikavuka 10,000. Si uongo. Ila ni kama mtu anayekutajia mshahara wake na wa mkewe kwa pamoja bila kukwambia.

Nilitaka kujionea. Asubuhi moja kedi wetu alikuja na kipande cha chaki ya shule, akasugua uso wa fimbo mbili: ya shemeji, na draiva ndogo ya chuma niliyorithi kwa baba. Nikapiga mipira kumi kwa kila moja, na baada ya kila pigo tukaangalia alama pale chaki ilipofutika. Kwa fimbo zote mbili alama zilikuwa zilezile, zimejazana upande wa ncha, ule ulio mbali na mpini, kama inzi kwenye ganda la embe. Yaani fimbo mpya haikunifundisha kupiga katikati hata kidogo. Tofauti niliiona mipira ilikoangukia. Kwa ile ya baba, mapigo ya ncha yalikufa mapema, na mkono ukabaki unauma. Kwa ile kubwa yalikwenda karibu sawa na mazuri, na kama nisingeona chaki ningeapa nimepiga katikati.

Lakini kulikuwa na mipira mingine, mitatu au minne, ambayo niliigonga uso wa fimbo umefunguka, yaani unatazama kulia. Hiyo ilikata kulia na kuingia mitini, fimbo ya zamani sawa, fimbo mpya sawa. Kedi akaipangusa ile kubwa kwa kitambaa, taratibu.

"Hii ni padri, bosi. Anasamehe kweli. Lakini padri hamsamehi asiyetubu."

Sijasikia maelezo bora zaidi. Draiva kubwa inasamehe mahali ulipogonga. Haisamehi uso ulikoelekea wala njia iliyopita fimbo. Ugonjwa wa wengi wetu, tuwe Kitante, Entebbe au Jinja, ni huo wa mpira kukata kulia, nao unatokana na uso kufunguka. Sasa mtu analipa dola 600 hivi, zaidi ya shilingi milioni mbili za Uganda kabla ya ushuru, kutibu malaria kwa dawa ya jino. Ikimshinda anasema fimbo ni feki.

Upande wa pili nao una maneno yake, na si wivu mtupu. Wachezaji wa zamani wananung'unika kwamba kichwa hiki kimewanyang'anya ufundi. Draiva ndogo ikigongwa upande wa ncha hujipinda na kuupa mpira mzunguko wa kuurudisha kushoto, na waliolijua hilo walilitumia kupinda mpira wakitaka. Kichwa kisichojipinda hupunguza mzunguko huo. Kwa mtu wa handikapu 4 (mapigo anayopunguziwa mchezaji; yakiwa machache, ni fundi) huo ni upungufu halisi. Kwa mtu wa handikapu 22, nikiwemo mimi, kulalamikia kupinda mpira kwa makusudi ni kama asiyejua kuogelea kulalamikia rangi ya maji.

Malalamiko mazito zaidi ni ya haki. Miongoni mwa makedi wetu wamo waliojifunza kwa fimbo moja ya kuazima, iliyochakaa, isiyosamehe chochote, na kwa hiyo wanagonga katikati mara kwa mara kwa namna inayotutia aibu tunaowalipa. Halafu anakuja mtu na milioni mbili, ananunua nusu ya kile ambacho kedi alikipata kwa miaka. Hata wenye kanuni wameanza kujikuna kichwa: Desemba 2023, walipotangaza mpango wa kupunguza mwendo wa mpira, R&A na USGA walisema pia kwamba wataendelea kuchunguza usamehevu wa draiva kwa mipira iliyogongwa nje ya katikati. Mimi sioni dhambi mzee wa miaka 65 kusaidiwa apate kufurahia Jumapili yake. Kwa wanaocheza kwa fedha, nawaunga mkono wanaotaka draiva hizi zibanwe.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawaligusi, nalo ni hali ya hewa ya kwetu. Uzito ukikaa nyuma, mpira hupaa juu. Machi hadi Mei, nyasi zimelowa na mpira hauviringiki hata hatua tano, kupaa huko ni neema, kwa kuwa unapata kile tu kilichosafiri hewani. Januari na Februari ardhi imekauka, mpira wa chini ungeviringika wenyewe hadi mbali, na wewe umeupeleka mawinguni. Alasiri upepo wa ziwa ukivuma Entebbe, huo mpira wa juu unasimama angani kama tiara.

Basi je, inunuliwe? Kama unagonga huku na huko usoni mwa fimbo, ndiyo, lakini si lazima iwe ya mwaka huu. Mpaka wa 460 haujasogea tangu 2004, na kichwa cha mtumba cha miaka sita nyuma kitakupa sehemu kubwa ya msamaha huo kwa bei ya kuongeleka. Chagua yenye mlalo wa digrii 12 badala ya 9, maana uso uliolala zaidi hupunguza mpira kukata pembeni. Na mpini wa inchi 45 na nusu ni mrefu kwa wengi wetu. Shika chini kidogo, inchi moja tu, utagonga katikati mara nyingi zaidi, na haina ushuru.

Hayo yote nilimweleza shemeji tukimsindikiza uwanja wa ndege. Aliitikia kwa adabu, kama mtu anayesikiliza mahubiri ya dini nyingine. Ile habari ya mita 1,200 nikaisahau. Wiki iliyofuata akanitumia ujumbe wa sauti kutoka Nyali, upepo wa bahari unasikika nyuma:

"Shemeji, hii fimbo imeishiwa nguvu. Nadhani wameigonga kwenye ndege."