Likizo ya uzazi imekwisha, kunyonyesha bado

Malalamiko ya mwajiri si ya kupuuzwa. Mfanyakazi ameondoka, kazi zake zikagawiwa wenzake, pengine mtu akaletwa kumkaimu, na sasa amerudi. Mwajiri anatarajia kumpata yule yule aliyemuaga. Badala yake anampata mtu anayetupia saa macho jioni ikikaribia, anayeomba ruhusa mtoto akipata homa, na ambaye kikao kikivuka muda huanza kukusanya vitu vyake. Haupiti muda, minong'ono inaanza: tangu ajifungue amebadilika, moyo wake haupo tena kazini.

Minong'ono hiyo ndiyo inayoniudhi, maana jambo la hesabu linageuzwa kuwa jambo la tabia.

Hesabu yenyewe ni hii. Mkataba Namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 2000, unataka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, hata maji asipewe. Miezi 6 ni wiki 26. Toa 14, zinabaki 12. Na hapo tumemhesabia mama aliyebahatika kufanya kazi hadi siku ya kujifungua, kwani likizo huanza kuliwa siku anapoacha kazi, hata kama mtoto hajazaliwa. Aliyeondoka wiki 4 kabla anabakiwa na wiki 10 za kukaa na mtoto, na pengo linafika wiki 16. Miezi karibu minne! Katika muda huo wote mama anafuata maagizo mawili yasiyoweza kukaa pamoja: kliniki imemwambia mtoto asipewe kitu kingine, ofisi inamtaka awe mezani kwa muda wa saa 8.

Mwili nao hauna pa kuahirishia. Maziwa hutengenezwa kadiri yanavyotoka. Titi lisiponyonywa wala kukamuliwa hujaa, huuma, na linaweza kuvimba hadi mama akapata homa. Hali ikiendelea, maziwa yanaanza kupungua. Kwa hiyo anayekamua kazini anahitaji kutoka mara mbili au tatu kwa siku, apate faragha, maji ya kunawa mikono, na jokofu. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa kama saa 4 katika joto la kawaida la chumba. Kwenye jokofu hufika siku 4. Choo, ambako wengi huelekezwa, si mahali pa kuandalia chakula cha mtu yeyote.

Mkataba huo huo unampa mama mapumziko ya kunyonyesha kila siku, au saa zake zipunguzwe, na muda huo uhesabiwe kuwa wa kazi na ulipwe. Unampa pia haki ya kurudi kwenye nafasi yake au inayolingana nayo, kwa mshahara ule ule. Tatizo la mapumziko ni kwamba lazima uyaombe kila siku, mbele ya watu walewale, huku simu zinalia. Ukiona jirani yako wa mezani ameguna kwa mara ya tatu wiki hiyo, unaanza kuruka zamu moja, kisha mbili. Mwezi ukiisha, kopo la maziwa ya unga limeshanunuliwa, na hakuna kumbukumbu yoyote inayoonyesha kwamba mtu alinyimwa haki.

Huyo jirani wa mezani naye ana dai lake. Mara nyingi ndiye aliyebeba kazi za watu wawili kwa miezi kadhaa bila nyongeza wala asante, na pengine hana mtoto. Ana haki ya kuchoka. Lakini deni lake liko kwa meneja aliyeokoa fedha kwa kutoleta mbadala, si kwa mama aliyerudi. Biashara yenye watu watatu ina hoja nzito zaidi, na mkataba wenyewe umeiona: malipo ya likizo yanatakiwa yatoke kwenye bima ya jamii au fedha za umma, mwajiri mmoja asibebeshwe peke yake na hatimaye akaogopa kuajiri wanawake.

Wapo wanaosema dawa ni kurefusha likizo. Ningekubali kama hilo peke yake lingetosha. Nchini Denmark, ambako likizo na malezi ya watoto hugharamiwa vizuri, utafiti wa mchumi Henrik Kleven na wenzake uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta kwamba baada ya mtoto wa kwanza kipato cha wanawake hubaki nyuma ya kile cha wanaume kwa takriban asilimia 20 kwa muda mrefu, ilhali cha akina baba hakitikisiki. Likizo ikiisha bado kuna homa za mtoto, na shule ya awali ikipiga simu, inapigwa simu ya nani?

Naona fedha na juhudi zingeelekezwa zaidi kwenye wiki za kurudi: aanze katikati ya wiki, afanye nusu siku kwa mwezi mmoja, majukumu arudishiwe kwa awamu. Na aulizwe. Yupo mama anayetaka kurudi kwa kasi kamili, na kumwondoa kwenye safari na miradi mikubwa kwa kumhurumia ni kumshusha cheo kwa upole.

Halafu kuna tathmini ya utendaji. Ikifanyika mwezi wa pili baada ya kurudi, inampima katika kipindi ambacho hajalala usiku mzima hata mara moja, na alama zake zinakaa kwenye faili kwa miaka. Kuisogeza hadi mtoto aanze kula vyakula vingine hakumgharimu mwajiri chochote.