Kumtangulia aliyepandisha: dau la geresha lina faida wapi?

Kwenye poka ya mashindano kuna desturi iliyokaa kama sheria: aliyepandisha dau kabla ya flopu, zile karata tatu za mwanzo za mezani, ndiye mwenye usukani. Aliyelipa kumfuata kutoka blaindi kubwa (kiti cha lile kubwa kati ya madau mawili ya lazima) hupita bila ya kuweka dau, akamwachia aanze yeye. Anayemtangulia kwa dau na huku mkononi hana kitu, yaani kwa geresha, kwa miaka mingi alihesabiwa mchezaji mbichi. Programu za kukokotoa mikakati, kama PioSOLVER iliyotoka mwaka 2015, zimeonyesha kuwa zipo flopu ambazo dau hilo ni halali kabisa. Ugomvi umebaki kwenye flopu zipi, na mbele ya nani.

Tuchukue mfano kwa komwe za bao, kama wafanyavyo barazani wasiotaka kutia pesa. Kila mtu ana komwe 80. Blaindi ni 1 na 2, na wa blaindi kubwa anatia 2 nyengine za chungu, lile fungu linalowaniwa. Mtu wa katikati ya meza anapandisha hadi 5, wengine wote wanatupa, wewe uliye blaindi kubwa unaongeza 3. Chungu kina 13. Zinafunuliwa 6 ya shupaza, 5 ya kopa na 4 ya pau. Wewe una bibi na 7, zote shupaza. Unaweka 4.

Dau la 4 la kuwania 13 linajilipa mpinzani akitupa mara 4 katika kila 17, yaani asilimia 23.5. Tena hapo hatujahesabu karata zako nane za kukuokoa: 3 nne na 8 nne, kila moja inakukamilishia mfululizo wa karata tano.

Wanaolitetea wana hoja nzito. Uliongeza 3 tu kuwania chungu cha 10, kwa hiyo ulikuwa na haki ya kuingia na 8-7, 5-4, 6-4, hata 7-3 za rangi moja. Aliyepandisha kutoka katikati ya meza aghalabu hana 7-3 wala 6-4. Yeye ana ree na mzungu wa nne, ree na bibi, au pea kubwa. Tumhesabie: pea za 7 hadi ree ni michanganyiko 42 (bibi moja na 7 moja unazo wewe), pea za 6, 5 na 4 zilizogonga meza, yaani zikawa tatu za namba moja, ni 9, karata kubwa zisizo na pea, kuanzia ree na mzungu wa nne mpaka jeki na 10 za rangi moja, tuseme 80. Jumla 131. Akitupa nusu ya zile 80, ametupa kama asilimia 31, na dau lako limelipa. Akitupa thuluthi tu, ni kama asilimia 20, na hapo unategemea zile karata nane.

Basi dau zima limesimama juu ya swali moja: huyu mtu hutupa ree na mzungu wa nne mbele ya dau dogo, au hatupi?

Wanaolipinga wanasema kwa nini usipite, aweke yeye 4, kisha umpandishie hadi 14? Ukifanikiwa unazoa 17 badala ya 13. Ni kweli, lakini 14 kwa 17 inataka atupe asilimia 45, na inataka kwanza aweke dau. Mpandishaji mjuzi akiona 6-5-4 hupita mara nyingi, maana anajua meza hiyo ni yako. Akipita, ree na mzungu wa nne wake wanaiona karata ya nne bure. Hapa naona watetezi wana haki. Lakini flopu ikiwa ree, 9 na 3, hoja yao yote inaanguka: mezani pamekaa karata zake, na ukitangulia unajichomea komwe.

Hatari ya kweli ni akiba fupi. Mpandishaji akibaki na 32, anaweza kuzisukuma zote juu ya dau lako la 4. Utatakiwa kuongeza 28 kuwania 49, yaani uwe na nafasi ya asilimia 36 ya kushinda. Karata nane, na mbili za mezani bado kuja, hazifiki asilimia 32. Unatupa mkono ambao kwa kupita ungeiona karata ya nne, pengine bila ya kulipa. Kwa akiba hiyo mimi nisingetangulia.

Na wachezaji wenyewe ni wepi? Kwenye World Series of Poker kule Las Vegas, shindano kuu ni dola 10,000 kuingia, na wanaolipwa ni kama 15 katika kila 100. Mtu aliyebakisha hatua mbili kulipwa hutupa hata karata nzuri, na geresha inapata nguvu. Barazani ni kinyume chake: komwe haimuumizi mtu, na kila mmoja anataka kuona mwisho. Hapo tangulia ukiwa na 8-7 au pea iliyogonga meza, geresha iache. Mkiwa watatu chunguni iache pia, popote pale, maana lazima wawili watupe kwa pamoja.

Akikufuata, chungu kinakuwa 21. Karata ya nne ikiwa 3 au 8, weka 14 kwa kujiamini, umeshafika. Ikiwa 2, ambayo ni yako zaidi kuliko yake, 14 hiyo hiyo kama geresha inataka atupe asilimia 40, na baadhi ya pea zake za 8 na 9 zitaanza kusita. Ikija ree, gonga meza upite: alikufuata na karata hiyo hiyo.