Msicheke Kipeperushi Kile

Juzi pale Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, vijana wawili wa kupakia magunia ya dagaa walikuwa wanapokezana simu, wanacheka hadi machozi. Nikachungulia. Kipeperushi cha Wajerumani, cha Vita Kuu ya Pili: askari wa Kimarekani kamkumbatia mwanamke wa Kiingereza. Kilirushiwa askari wa Uingereza waliokuwa vitani, wajue nani yuko na wake zao.

Mimi kilinichoma.

Baba alikwenda vita vya Kagera, vya kupigana na Idi Amin wa Uganda, mwishoni mwa 1978, nikiwa na miaka saba. Mama alibaki na sisi wanne. Mchana anaanika dagaa, usiku hazungumzi na mtu. Barua moja tu ya baba ilitufikia, akaifunga kwenye pindo la kanga. Kila jioni anaifungua, anaisoma, anaikunja upya palepale, mpaka karatasi ikachanika katikati. Akaishona kwa uzi mweusi. Ndege ya Libya, iliyomsaidia Amin, ilipokuja kutupiga Machi 1979, mabomu yakaangukia kisiwa cha wanyama cha Saanane na kuua swala, alitulaza sakafuni, mkono mmoja juu yetu, mwingine umeshika lile pindo. Halafu mtu amrushie baba, kule Uganda, karatasi ya kumchafua mwanamke huyu?

Wajapani waliwafanyia hivyohivyo Waaustralia kule New Guinea. Wafaransa nao waliambiwa na Wajerumani kwamba Waingereza wako na wake zao.

Haya, nakubali, viko vipeperushi vilivyookoa watu. Hati ya kujisalimisha ya 1944, yenye sahihi ya Eisenhower, jenerali mkuu wa Wamarekani na wenzao, ilimwahidi askari wa Kijerumani chakula na matibabu, na wapo walioificha mwilini japo kukutwa nayo ilikuwa hatari. Katika Vita vya Ghuba vya 1991, Wamarekani na wenzao waliwadondoshea askari wa Iraki kama milioni 29, vingine vikionya kabisa kwamba mabomu yanakuja, ondokeni. Hapo adui kaambiwa namna ya kubaki hai.

Kile cha mke kinamwambia nini? Aende wapi? Anabaki handakini na ile picha, na akinusurika anarudi nayo nyumbani kichwani. Atakayeulizwa maswali usiku ni mwanamke ambaye karatasi yenyewe hajawahi kuiona. Hilo ndilo linaloniuma, jamani. Vita vimekwisha, yeye ndiyo kwanza vinamwanzia.

Baba alirudi 1979. Kabla hata hajapewa maji, mama alifungua pindo akamwekea barua mapajani. Baba akapitisha kidole juu ya ule uzi, polepole, mwanzo hadi mwisho.